Ukipunguza Ugali, Ongeza Mafuta

Wengi wanaoanza lishe ya keto hushika nusu tu ya maelekezo. Ugali, wali, chapati na sukari vinaondoka mezani, lakini hofu ya mafuta inabaki palepale: nyama inatolewa shahamu, kuku anavuliwa ngozi, mchicha unachemshwa kwa maji na chumvi. Uchovu wa siku za mwanzo unaweza kutokana na maji na chumvi kupotea kwenye mkojo, na huo hupita. Njaa isiyokatika wiki baada ya wiki ina sababu nyingine: wanga umeondolewa na nafasi yake haikujazwa na kitu.

Lishe hii ilianza kama tiba. Madaktari walikwisha kuona kwamba mgonjwa wa kifafa akifunga kula, degedege hupungua, ila hakuna awezaye kufunga mwaka mzima. Mwaka 1921 Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza kufunga kuigwe kwa chakula. Wanga ukipungua sana, ini huyageuza mafuta kuwa ketoni, na ubongo huzitumia badala ya sehemu kubwa ya glukosi. Katika muundo wake mkali, gramu 4 za mafuta huendana na gramu 1 tu ya protini na wanga kwa pamoja, yaani takriban asilimia 90 ya nishati hutoka kwenye mafuta. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2008 ulihusisha watoto 145 ambao kifafa chao hakikudhibitiwa na dawa. Baada ya miezi mitatu, asilimia 38 ya waliopewa lishe hii walipungukiwa degedege kwa zaidi ya nusu. Kwa wasiopewa ilikuwa asilimia 6.

Mtu mzima asiye na kifafa hahitaji ukali huo, lakini hesabu haimwachi. Tuseme anahitaji kilokalori 2,000 kwa siku. Gramu 30 za wanga zinampa 120, gramu 80 za protini zinampa 320. Zilizobaki, 1,560, lazima zitoke kwenye mafuta, na kwa kuwa gramu moja ya mafuta hutoa 9, anahitaji gramu 173 hivi. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina gramu 14. Yai moja lina 5 tu. Ndiyo maana mayai mawili ya kuchemsha na kipande cha samaki havitoshi. Parachichi kubwa lenye nyama ya gramu 200 hutoa kama 30, kikombe cha tui zito hutoa 40 au zaidi, konzi ya karanga 15. Samaki akipikwa kwa tui na mchicha ukaungwa kwa mafuta ya kutosha, hesabu inaanza kukaribia.

Kwa nini basi pengo lisizibwe kwa nyama isiyo na mafuta? Kwa sababu protini ikizidi, ketoni zinaweza kupungua, na mlo wa nyama kavu pekee hauvumiliki muda mrefu. Pingamizi la anayetaka kupunguza uzito lina nguvu zaidi: mwili wake tayari umebeba akiba. Ni kweli, sehemu ya zile gramu 173 inaweza kutoka kiunoni mwake. Mtoto mwenye kifafa hana nafasi hiyo. Kwake kipimo cha mafuta ni dozi, hupangwa na daktari na mtaalamu wa lishe, na dawa zake hazisimamishwi nyumbani.

Wanaohofia moyo wasipuuzwe. Kwa baadhi ya watu lehemu mbaya hupanda sana, hasa wakitegemea samli, siagi na nazi. Sehemu kubwa ya mafuta itoke kwenye parachichi, karanga, alizeti na samaki, na lehemu ipimwe. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi asianze bila daktari, kwani sukari inaweza kushuka kwa hatari. Wajawazito na wanaonyonyesha wasiijaribu. Gharama nayo ni pingamizi la haki: kaya isiyomudu mafuta haya kila siku ni heri ipunguze sukari na kipimo cha ugali, iongeze mboga na maharage, na iachane na keto kabisa.