Je, Tubatizwe Mara ya Pili?

Mama mmoja wa usharika alinijia akilia. Mchungaji aliyembatiza ameanguka dhambini, ameiacha na imani. Akasema, "Baba, je, ubatizo wangu nao umeanguka? Unibatize tena."

Swali hili ni la kale. Katika Afrika ya Kaskazini walikuwako maaskofu walioshitakiwa kwamba, katika mateso yaliyoanza mwaka 303, waliwapa watesi Vitabu Vitakatifu vichomwe moto. Wafuasi wa Donato wakasema kwamba ubatizo wa watu kama hao ni bure, wakabatiza watu tena. Augustino, askofu wa Hippo, aliwajibu kwamba abatizaye hasa ni Kristo mwenyewe. Naye Luther, katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, afundisha kwamba imani yetu haiufanyi ubatizo, bali huupokea.

Tarishi akilewa njiani, barua ya baba yako haigeuki maneno yake. Ni ya baba yako vile vile.

Basi nikamwuliza mama yule, "Ulibatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu?" Akajibu, "Naam." Nikamwambia, "Mungu aliyekuita siku ile hakuanguka. Usitafute maji mengine; urudi kwake kila siku kwa toba."

Na yule aliyeanguka? Yeye naye amebatizwa. Mlango wa kurudi haujafungwa. Tumwombee.