SOMO LETU: UMEME WA HIDROJENI

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wetu uliopita mzee mmoja aliuliza: "Katibu, twasikia kuna mtambo utoao umeme bila ya moshi wala kelele, nao hutema maji tu. Je, tuuze jenereta letu la dizeli tununue huo?" Niliahidi kumjibu kwa maandishi, na jawabu ni hili.

Mtambo huo waitwa seli ya hidrojeni, nao si mpya. Bwana William Grove, mtu wa Wales, aliuonyesha tangu mwaka 1839. Mwaka 1959 Mwingereza Bwana Francis Bacon aliunda wenye nguvu ya kilowati 5. Baadaye Wamarekani waliutia katika vyombo vyao vya Apollo, ukawapa umeme pamoja na maji ya kunywa.

Hidrojeni ni hewa nyepesi kuliko zote. Huingizwa upande mmoja wa utando mwembamba, na upande wa pili huingia oksijeni. Ikigusa madini ya platini, hidrojeni hugawanyika: protoni hupenya utandoni, lakini elektroni hazipiti hapo, sharti zizunguke kwa njia ya waya. Ni kama ua wenye tundu dogo: watoto hupenya, bali mikokoteni haina budi kuzunguka barabarani. Mwendo huo wa elektroni ndio umeme wenyewe. Mwisho wa safari zote hukutana na oksijeni, yakapatikana maji na joto. Hapana moto uliowaka, basi hapana moshi. Seli moja hutoa kiasi cha volti 0.7 tu, kwa hiyo hupangwa nyingi pamoja.

Je, yaaminika? Betri huisha, seli haiishi maadamu yalishwa. Lakini ikikatiwa chakula hufa. Mwezi wa Aprili 1970 tangi la oksijeni la Apollo 13 lilipasuka, na seli zikazimika. Mabaharia wale watatu waliokolewa na betri za chombo chao kidogo cha kutulia mwezini. Somo hilo hata sisi twalijua: mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilikaa gizani kwa kuharibika njia ya umeme utokao bara.

Na usafi wake? Hidrojeni nyingi duniani leo hutengenezwa kwa gesi ya ardhini na makaa ya mawe, na hewa chafu hutoka huko kiwandani. Ni kama mtu afagiaye uwani kwake akatupa taka kwa jirani. Njia safi ni kupasua maji kwa umeme wa jua au upepo. Lakini katika kwenda na kurudi, zaidi ya nusu ya umeme hupotea. Jua lile lile likaushalo karafuu zetu majamvini likipelekwa moja kwa moja katika betri, hasara yake ni ndogo zaidi.

Basi shauri langu ni kuwa tusiuze jenereta bado. Akija muuzaji, na aulizwe matatu: Hidrojeni itatoka wapi? Itafikaje kisiwani na kuwekwa salama, nayo ni nyepesi kuvuja na kushika moto? Fundi wake yuko wapi? Asiyeweza kujibu yote, tumpe kahawa, kisha tumsindikize bandarini.

Wenu,
Katibu