Dondoo muhimu: Usimchoshe mteja kwa barua pepe

Duka la pembejeo la Karatina halina habari mpya kila siku, basi lisijifanye linazo. Barua moja au mbili kwa mwezi zatosha. Msimu wa biashara yako ukidai, ongeza: kabla ya mvua za Machi na Oktoba mkulima wa Othaya anatafuta mbegu na mbolea, Januari mzazi wa Nyeri mjini anawaza sare za shule. Hoteli ya Nanyuki nayo ina Desemba yake ya wageni. Bei itangulie, salamu zifupishwe. Wanaofungua wakipungua, punguza kutuma. Wengi, ajabu, huongeza. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mteja kwanza. Akiomba kuondolewa, mfute siku hiyo hiyo, hata akiwa mnunuzi wako mkubwa.