Kalebu Hakukaa Kitini

Somo: Yoshua 14:6-14

Leo naongea na wazee wenzangu.

Kalebu alitumwa kuipeleleza nchi akiwa na miaka 40. Alipomwendea Yoshua kudai urithi wake, alikuwa na 85. Hakuomba bonde la kupumzikia. Aliomba nchi ya milima ya Hebroni, na Waanaki bado wako huko! Nguvu zilitoka kwa Bwana, lakini pia miguu ile ilikuwa imetembea jangwani miaka mingi.

Sisi tukizeeka tunapewa kiti. Watoto wanasema, "Mama, wacha jembe, pumzika." Ni upendo, lakini misuli isiyotumika hupungua, na mzee akianguka avunjike nyonga, mara nyingi harudi kutembea kama zamani. Nimeona mama wa maombi akikosa kesha. Imani anayo, magoti ndiyo yamekataa.

Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki. Hiyo ni kutembea haraka kidogo dakika 30, siku 5. Ongeza haya:

1. Inuka kitini bila kujishika, mara 10.
2. Simama kwa mguu mmoja, meza ikiwa karibu.

Ukiwa na presha au maumivu ya kifua, muone daktari kwanza.

Paulo alimwambia Timotheo kwamba utauwa unafaa kuliko mazoezi ya mwili. Ni kweli. Lakini hata faida ile ndogo tusiitupe, maana kazi ya Bwana bado ina milima.

Amina.