Nyungunyungu wa ndoo: walee kiangazi, walee mvua

Mtu akianza kufuga nyungunyungu huhangaikia chakula. Chakula unacho tayari: maganda ya viazi na ndizi, mchicha ulionyauka, mabaki ya kabichi. Hapa Mpanda, mkoani Katavi, kazi ipo kwingine. Kuna joto la Septemba na Oktoba, halafu kuna mvua zinazoshuka kuanzia Novemba.

Kwanza pata nyungunyungu wanaofaa. Unawataka wale wadogo, wekundu, wanaoishi juujuu kwenye samadi na majani yanayooza. Wale wanene unaowachimba chini kabisa shambani hawatulii kwenye ndoo. Nenda kwa jirani mwenye ng'ombe, fukua pembeni mwa lundo la samadi ya zamani lenye unyevu. Muulize kama mifugo imepewa dawa ya minyoo karibuni. Kama imepewa, achana na samadi hiyo, maana dawa hutoka na kinyesi na inaweza kuwadhuru nyungunyungu.

Tafuta ndoo mbili za rangi za lita 20, uzisugue mpaka harufu iishe. Moja itoboe kwa msumari wa moto: matundu ya kitakoni ni ya maji, ya ubavuni karibu na mdomo ni ya hewa. Iingize ndani ya ile nzima, na katikati weka vipande vya tofali ili ya juu isikae majini.

Tandiko ni maboksi yaliyochanwachanwa na majani makavu ya mgomba. Loweka, kamua, changanya na samadi ya zamani na konzi moja ya udongo. Jaza nusu ndoo. Sasa fumbata kidogo ukamue. Yakitoka matone mawili matatu, umepatia. Yakitiririka, ongeza boksi kavu. Yasipotoka kabisa, nyunyiza maji. Kipimo hiki cha mkono kifanye kila unapofunua ndoo, mwaka mzima.

Weka nyungunyungu juu ya tandiko, waache wazoee siku mbili tatu, kisha wape konzi moja ya mabaki yaliyokatwakatwa, uyafukie. Usiongeze mpaka yakaribie kuisha. Wakishazoea, nusu kilo ya nyungunyungu inaweza kumaliza hadi robo kilo kwa siku, lakini usikimbilie huko. Chakula kikizidi kinaoza, kinapasha ndoo moto na kuwaua. Wengi wanaopoteza nyungunyungu wamewalisha kupita kiasi, kwa nia njema kabisa.

Vichwa vya samaki kama migebuka, mafuta na ukoko wa ugali visiingie; vinaita panya na siafu. Limao, pilipili na vitunguu viwe kidogo sana. Majivu ya jikoni hapana. Na kwa kuwa Katavi tunalima tumbaku, shika hili: mabua na vumbi la tumbaku visikaribie ndoo, hata kama tandiko. Nikotini iliyomo ni sumu kwao.

Kiangazi ndicho kinachotaka macho yako. Nyungunyungu hawa hustawi kwenye nyuzi 15 hadi 25 za joto. Zikipita 30 wanateseka, zikifika 35 wanakufa. Kwa hiyo usiwaweke kwenye stoo ya bati. Waweke chini ya mwembe wenye kivuli cha kutwa, au ndani kwenye sakafu ya saruji. Funika tandiko kwa gunia lililoloweshwa, ulirudishie maji asubuhi na jioni. Siku za joto kali punguza chakula. Ukiona sisimizi wameingia, ndoo imekauka, lowesha. Siafu nao wazuie mapema: weka ndoo juu ya kigoda, kila mguu uusimamishe kwenye kopo la maji.

Mvua zikianza, hamishia ndoo mahali pasipofikiwa na matone ya paa. Mwaga maji ya ndoo ya chini kila wiki. Ukikuta nyungunyungu wamepanda ukutani wanataka kutoroka, ndani kumelowa mno au kumechacha. Simamisha chakula siku chache, ongeza boksi kavu na maganda ya mayai yaliyosagwa, ukoroge taratibu.

Baada ya miezi mitatu hivi utaona mboji nyeusi, laini, yenye harufu ya udongo wa mvua. Isukume upande mmoja, upande wa pili weka tandiko jipya na chakula. Baada ya wiki mbili wengi watakuwa wamehamia huko, nawe unachota mboji. Weka konzi moja kwenye kila shimo la nyanya au bamia, au itandaze kwenye tuta la matembele. Yale maji ya chini, yasiponuka, changanya kipimo kimoja na vipimo kumi vya maji, umwagie shinani, si kwenye majani utakayochuma.

Ukiweza kuchagua, anza Mei. Juni na Julai usiku huwa na baridi na nyungunyungu huzaana vizuri, hivyo joto la Septemba litawakuta wengi na wenye nguvu, na Novemba utapanda ukiwa na mboji yako mwenyewe.