Nyumba za Bara na Stara ya Watu wa Ndani

Tumepokea suala kutoka kwa ndugu zetu waliohama pwani wakaweka makazi Kitale na Bungoma kwa ajili ya biashara na kazi. Wasema kuwa nyumba walizozipata huko hazikujengwa kwa ada zetu: mlango wa barabarani ukifunguliwa, mtu aliye nje humuona mama aliye jikoni, choo kimeelekeana na viti vya wageni, na watoto wa kike na wa kiume wamerundikana chumba kimoja. Wauliza, je, wazihame nyumba hizo au wavumilie? Sisi twaona hapana haja ya moja katika hayo mawili, kwani nyumba hugeuzwa.

Kitale ni mji ulioanzishwa na walowezi wa Kizungu mwaka 1908, na reli ikaufikia mwaka 1926. Nyumba ya ramani ya Kizungu hufungua mlango wake moja kwa moja sebuleni, kwa kuwa kwao mgeni huketi pamoja na wote wa nyumbani. Mjenzi hana lawama. Alijenga kwa ajili ya watu wake. Wazee wetu wa Lamu walipojenga nyumba za mawe, aingiaye alipita daka, kisha tekani, na njia ikapinda kabla ya kufika kiwandani, hata jicho la mpita njia likagonga ukuta. Kupinda huko kwa njia ndiko kunakotakikana. Kiwanda chenyewe kisiigwe kwa pupa, kwani Kitale iko juu ya bahari kadiri ya mita 1,900 na Bungoma kadiri ya 1,400, mvua ni nyingi na usiku una baridi. Watu wa nyumbani hawawezi kukaa uwazini kama wakaavyo Mambasa.

Ama sharia, Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Nnur tusiingie nyumba za wenzetu mpaka tupewe idhini, na Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa idhini imewekwa kwa sababu ya jicho. Katika sura hiyo hiyo hata watoto wa nyumbani wameamrishwa kubisha nyakati tatu: kabla ya sala ya Alfajiri, adhuhuri watu wavuapo nguo, na baada ya Isha. Na Mtume ameamrisha watoto watengwe malaloni wafikapo miaka kumi. Mtoto atabishaje pasipo mlango? Na atatengwa vipi mahali penye kitanda kimoja?

Basi la mlango lina dawa nyepesi. Ndani ya mlango, kwa umbali wa kama hatua mbili, na kiwekwe kiambaza cha mbao au matofali, kirefu kumpita mtu aliyesimama lakini kisifike darini, ili mwanga na hewa vipite juu yake. Nafasi hiyo isipunguzwe: kitanda hupita hapo, na jeneza pia litapita hapo siku yake. Aliyepanga nyumba atumie kiambaza cha mbao kinachoondoleka, wala asiguse ukuta bila ya ruhusa ya mwenyewe, kwani nyumba ni amana mkononi mwake. Na mwenye mali asitoboe mlango mpya kabla ya fundi kumwonyesha ni ukuta upi ubebao paa, na kumwekea linta juu ya tundu. Wapo pia wanaochinja mbuzi na kumimina damu kizingitini ati mlango uliohamishwa usiwakasirishe majini. Hilo halina asili katika dini, na nyama hiyo ingefaa zaidi sahanini mwa jirani.

La watoto ndilo zito, na hapa tutasema neno ambalo huenda baadhi ya wasomaji wetu wasilipende. Tumeona nyumba ambayo chumba kikubwa kuliko vyote kimewekewa wageni, kina makochi yaliyofunikwa vitambaa na kabati la vyombo visivyotumiwa, na watoto sita wamelala katika chumba ambacho hata mlango wake hauwezi kufunguka wote. Mgeni ana haki, na Mtume ameiweka kuwa siku tatu. Mtoto analala humo kila usiku wa mwaka. Chumba hicho kikubwa kigawanywe katikati, wavulana upande mmoja na wasichana upande mwengine, kila upande na mlango wake, na mgeni apewe chumba kidogo kilicho karibu na mlango wa nje, ambacho kwa hakika ndicho kimfaacho, kwa kuwa atatoka na kuingia bila ya kupita kati ya watu wa ndani. Aliye na chumba kimoja tu katika safu ya vyumba vya kupangisha, na atie pazia zito, na akiweza amkodie mwanawe mkubwa chumba cha pili katika uwanja huo huo.

Lakini stara si giza. Wako wanaume waliopigilia mbao madirishani mwa jikoni wakadhani wamefanya ibada, na wake zao wakapikia moshini. Inatosha kufunika nusu ya chini ya dirisha kwa kioo kisichoonya. Zaidi ya hayo, jiko la makaa likiwekwa chumbani kwa ajili ya baridi, na madirisha yamefungwa, hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na watu hufa usingizini. Kabla ya kuziba chochote mume amuulize mkewe, kwani yeye ndiye akaaye humo mchana kutwa.

Limebaki la choo. Mambasa kibla chetu ni karibu kaskazini halisi. Kitale na Bungoma chaelemea kidogo mashariki ya kaskazini. Katika madhehebu yetu ya Shafii kuelekea kibla au kukipa mgongo ndani ya choo kilichojengwa si haramu, ingawa kujiepusha ni bora. Kwa hivyo aliyekikuta kimekwisha kuwekwa, na kukigeuza ni gharama, akitumie kilivyo; na anayevunja sakafu kwa sababu nyengine akigeuze siku hiyo hiyo fundi angali yupo.