Filamu ya Pumzi katika Darasa la Sayansi

Mwanafunzi wa Tibirinzi, mjini Chake Chake, amezoea kuona kijani kila upande: minazi, migomba na mikarafuu. Akionyeshwa filamu ambamo hakuna mti hata mmoja uliosalia, huenda akadhani kuwa haimhusu. Hata hivyo, kisiwani Pemba yapo mabonde ya mpunga yaliyoingiliwa na maji ya bahari, na mkulima aliyepoteza bonde lake hahitaji kuelezwa maana ya ardhi iliyokufa.

Filamu inayozungumzwa hapa ni Pumzi, iliyotungwa na kuongozwa na Wanuri Kahiu wa Kenya mwaka 2009. Huchukua dakika ishirini na kitu tu. Kisa chake hutokea Afrika ya Mashariki, miaka 35 baada ya vita vya dunia vilivyopiganwa kwa sababu ya maji. Watu huishi ndani ya makazi yaliyofungwa yaitwayo Maitu, neno la Kikuyu lenye maana ya mama. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapokea udongo asiojua umetoka wapi. Anaupima, anaona una maji mengi na hauna mionzi yenye madhara. Anapanda ndani yake mbegu ya zamani, nayo inaota. Baraza linalotawala linakataa ushahidi huo, naye anatoroka na mche wake kwenda jangwani.

Fedha za kutengenezea filamu hii zilikuwa chache, na uchache huo umeisaidia kuliko kuidhuru. Mwongozaji alirejea mbinu za filamu za miaka ya 1950, ambamo mandhari ya nyuma huchorwa kwa rangi. Mazungumzo ni machache. Kwa kuwa hapana vita vya vyombo vya angani vya kutazama, jicho hubaki juu ya vitu vidogo: tone la maji, konzi ya udongo, chipukizi. Hivyo ndivyo mwanasayansi anavyotazama.

Maji ya Maitu husafishwa kutokana na mkojo na jasho. Wanafunzi hucheka wasikiapo hayo, lakini si ndoto. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kilifungiwa mitambo ya kazi hiyo mwaka 2008, na mwaka 2023 ilitangazwa kuwa asilimia 98 ya maji yake hurudishwa.

Udhaifu mkubwa umo katika nishati. Wakazi wa Maitu huzalisha umeme kwa kuendesha mashine kwa nguvu za miili yao. Na tupige hesabu. Mtu mzima mwenye afya aweza kutoa wati 75 kwa saa 8, yaani wati-saa 600. Misuli hugeuza takriban robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi. Kwa hiyo mtu huyo atahitaji wati-saa 2,400 za chakula, karibu kilokalori 2,000, juu ya mahitaji yake ya kawaida. Ni kama kula posho ya siku nzima ili kuwasha taa chache! Chakula hicho kinatoka wapi, katika nchi isiyoota hata jani? Na huko nje jua la adhuhuri linamwaga wati zipatazo 1,000 juu ya kila mita ya mraba. Kosa hili halikutokana na ukosefu wa fedha. Kalamu na karatasi zingetosha kulirekebisha.

Suala la mbegu lahitaji uangalifu zaidi. Mwaka 2005 kokwa ya mtende yenye umri wa miaka 2,000 hivi, iliyochimbuliwa Masada, ilipandwa ikaota. Mbegu ya Asha basi yawezekana, ila filamu haisemi ni ya mti gani, na hapo ndipo penye jambo. Mkulima wa Pemba ajua kuwa mbegu ya mkarafuu hupandwa ikiwa mbichi, ikikauka, hufa.

Darasa laweza kulipima hili lenyewe. Zichumwe mbegu 20 za mkarafuu zilizoiva. Kumi zipandwe siku ileile kivulini. Kumi zikaushwe, zihifadhiwe ndani ya chupa miezi miwili, kisha zipandwe katika udongo wa namna ileile na kupewa maji kwa kipimo kilekile. Miche ihesabiwe wiki sita baada ya kila upandaji, na idadi zote mbili ziandikwe ubaoni kabla filamu haijaonyeshwa mara ya pili.